Kabla ya Tarumbeta, Sema Hakuna Msiba

"Mpya kwa nani?"

Hilo ndilo swali la kwanza nililoulizwa kazini. Nilikuwa nimekaa mbele ya meza ya Mama Kinunda, mkuu wa vipindi wa redio yetu ndogo ya jamii hapa Mbinga mjini. Mkononi nilishika karatasi yenye wazo langu: saa moja kila Jumamosi, kuanzia saa kumi alasiri, ya nyimbo mpya za soul na jazi kutoka popote duniani, zilizotoka wiki hiyo hiyo. Nilikuwa nimemaliza shahada ya sosholojia Dar es Salaam na kurudi nyumbani na tabia ya kuuliza kila kitu sababu yake. Nikakutana na mtu aliyeniwahi, akaniuliza mimi.

"Mpya kwa wote, Mama. Zinatoka kila Ijumaa."

"Hapa kwetu hata za mwaka juzi hazijafika. Nakuuliza tena, binti. Mpya kwa nani?"

Nikanyamaza. Kipindi akanipa hata hivyo. Miaka ya baadaye aliniambia alinipa kwa sababu wengine wote waliopita kwenye kiti kile, wakikosa jibu, walikuwa wanaongea zaidi.

Naandika haya kwa ajili yenu mnaobaki studio. Mmenifanyia sherehe ya kustaafu, na keki mkaiandika "Pumzika Salama", maneno ambayo kwetu huandikwa juu ya saruji ya kaburi. Nashukuru. Sijafika hata miaka thelathini na mitano, na najua mnaulizana mbona mapema hivi. Jibu ni fupi. Nilipoanza nilijiwekea sharti kwamba siku nitakaposema hewani "muziki wa siku hizi" kwa sauti ya kulalamika, nitawaachia wengine kiti. Mwezi uliopita nikasema. Benja, fundi mitambo wetu, ni shahidi. Alinitazama kupitia kioo kama mtu aliyemwona jirani akivua nguo barabarani.

Siku yangu ya kwanza studio nilikuta mikisa ya kuchanganyia sauti yenye chaneli sita, nne zikiwa nzima. Ile ya tatu ilikuwa na desturi ya kujipandisha sauti yenyewe mvua ikikaribia, na mpaka leo inafanya hivyo. Kulikuwa na hedifoni iliyofungwa kwa utepe wa plasta ya hospitali, na kiti kilicholia mtu akijigeuza, kiasi kwamba wasikilizaji wa zamani walijua mtangazaji ana wasiwasi kabla hajasema. Nilidhani hivyo ni vikwazo vya muda. Nilikuja kuelewa kwamba hiyo ndiyo redio yenyewe.

Wiki mbili za kwanza watu walipiga simu kulalamika. Nikisema jazi, wao walisubiri magitaa ya bendi za dansi walizocheza ujanani, halafu wanasikia kinanda na mtu anayepuliza kitu kama anatafuta funguo gizani. "Dada," mmoja aliniambia, "hao wanamuziki wako bado wanafanya mazoezi? Tuwasubiri mpaka waanze?" Nilimjibu kwa hotuba. Msifanye hivyo. Mtu akikutania redioni, mtanie. Hotuba anaweza kuizima.

Jumamosi ya tatu niliamua kufungua kipindi bila kusema neno. Niliamini kwamba muziki mzuri hauhitaji kutambulishwa. Sikumbuki nilikosoma hilo, lakini nililiamini sana. Nilikuwa na wimbo wa mpiga tarumbeta kijana wa Johannesburg, umetoka jana yake. Tarumbeta peke yake, polepole, na kinanda kikaja kuingia baada ya muda mrefu kama mgeni anayebisha hodi kwa aibu. Nikauacha ucheze wote.

Haujaisha, simu ya studio ikaanza kulia.

"Shikamoo," nikasema, maana pumzi zilikuwa za mtu mzima.

"Marahaba. Mwanangu, ni nani?"

Nikamtajia jina la mpiga tarumbeta.

"Wa parokia gani?"

"Wa Johannesburg, baba."

"Lo! Watamzika huko huko au wanamleta?"

"Hajafa, baba."

"Hajafa, na mmeshaanza kumpigia?"

Kwetu milimani bendi za parokia hupiga tarumbeta namna ile makaburini, akizikwa padri au mzee wa kanisa. Redioni husikika hivyo taifa likipata msiba. Kwa hiyo tarumbeta ya polepole, bila maneno, Jumamosi alasiri, ilikuwa na maana moja tu: amekufa mkubwa. Watu waliokuwa wanachagua kahawa kwenye vichanja waliacha. Katika kijiji kimoja njia ya Matiri kengele ya kanisa iligongwa, na akina mama wakajifunga kanga wakaenda kuuliza ni padri yupi. Hapa mjini baa moja ilizima muziki wake, jambo ambalo Benja alisema halijawahi kutokea hata kwa ombi la polisi.

Mama Kinunda aliishi nyumba ya tatu kutoka studio. Aliingia mikono ikiwa na unga.

"Eda! Umemuua nani?"

Hakusubiri jibu. Aliinama kwenye maiki yangu. "Ndugu wasikilizaji, hakuna msiba. Narudia, hakuna msiba. Ni muziki tu. Poleni, na asanteni kwa sala zenu." Halafu akanigeukia. "Haya, endelea. Na kuanzia leo, kabla ya tarumbeta, sema hakuna msiba."

"Lakini Mama, wakisikia vibaya ni kosa langu?"

"Nani kasikia vibaya? Wao wamesikia mtu analia, wakaacha kazi wakaenda kumsaidia. Wewe mwenye shahada ulisikia nini?"

Nilisikia tarumbeta nzuri.

Sentensi ile niliichukia kwa miezi. Kila Jumamosi niliisema kama mtoto anayelazimishwa kusalimia wageni. Kisha wanafunzi wakaanza kunipigia kelele sokoni, "Hakuna msiba!", na wauza ndizi wakaitikia, "Ni muziki tu!" Nikajua kipindi kimepata jina. Lile nililokuwa nimelibuni mimi, ambalo lilikuwa refu na lenye neno "mawimbi", hakuna aliyelikumbuka tena, hata mimi.

Sasa niseme kidogo juu ya kazi yenyewe, maana mtaniuliza.

Nyimbo mpya hutoka Ijumaa, na Ijumaa mtandao wetu huwa kama umekwenda mnadani. Mtandao mzuri uko nyuma ya tangi la maji, msijisumbue dirishani. Pakueni asubuhi, sikilizeni mchana, lakini sikilizeni mara tatu. Mara ya kwanza kwa hedifoni, ili mjue mwanamuziki alitaka nini. Mara ya pili jikoni, watu wakipita na kuongea, ili mjue wimbo unavumilia kiasi gani. Mara ya tatu kwa redio ndogo ya betri, kwa sababu hiyo ndiyo waliyonayo watu. Nilijifunza hilo baada ya kusifia gitaa la besi la wimbo mmoja kwa dakika nzima, na msikilizaji wa Liparamba, ambako mawimbi yetu yanafika yamechoka, akanipigia kuniambia kwamba yeye alisikia makofi na mtu anayehema.

Andikeni barua pepe kwa wanamuziki wenyewe kuomba ruhusa ya kupiga nyimbo zao. Wakubwa hawatajibu. Wadogo watajibu haraka na kwa furaha inayokaribia machozi. Kundi moja la mbali liliuliza Mbinga ni wapi. Nikawatumia paketi ya kahawa yetu badala ya ramani. Wao wakatutumia santuri ya nyimbo zao mpya, kubwa kama sahani ya harusi, nasi hatuna cha kuichezea. Ipo kabatini. Mama Kinunda aliitumia muda fulani kufunikia ndoo ya maji, mpaka nilipomsihi.

Sikilizeni pia wanaowapigia simu, maana wanajua kueleza. Nilihangaika mwaka mzima kutafuta namna ya kuelezea soul kwa mtu asiyewahi kuisikia. Nilijaribu historia, nikajaribu dini, nikajaribu machungu ya watu weusi ng'ambo. Mama mmoja wa Liuli, mwimbaji wa kwaya ya Kianglikana, akanimalizia kazi kwa simu ya dakika moja. "Nimeielewa hiyo soul yako," alisema. "Ni mtu anayemwambia mume wake maneno ambayo alikuwa amemwekea Mungu." Kisha akaomba wimbo urudiwe, na akaomba mume wake asitajiwe.

Nilikuwa nimeshazoea kiti, na kiti kimenizoea, Fidelis alipokuja.

Ilikuwa wiki moja baada ya Pasaka. Aliingia na matope ya milimani kwenye buti, mtu wa umri wangu, mkulima wa kahawa na mpiga tarumbeta wa bendi ya parokia yao. Parokia siitaji, kwa sababu kamati yake ya bendi ina masikio marefu. Alitoa flashi iliyofungwa kwenye mfuko wa nailoni.

"Dada Eda, wewe si unapiga nyimbo mpya?"

"Ndiyo."

"Za watu wa mbali tu?"

"Za walioleta."

"Basi nimeleta."

Aliniambia walirekodi Mbamba Bay, nyumbani kwa rafiki yake Asheri, mpiga ngoma wa mganda, ule mchezo wa asili wa watu wa ziwani, mwenye kompyuta na maiki moja nzuri anayotumia kurekodi kwaya. Walirekodi Kwaresima, alisema, kwa sababu Kwaresima hakuna harusi wala kelele, hata mbwa wametulia. Nikaweka flashi.

Nimesikiliza nyimbo nyingi katika kazi hii, na nyingi nimezisahau nikiwa bado nazisikiliza. Ule sikuusahau. Ngoma kubwa ilitembea polepole, kinanda kikashika sauti mbili tu chini yake, kisha juu ikaja sauti ya tarumbeta, nyembamba, imebanwa, inatetemeka pembeni kama mtu anayeongea akiwa ameegemeza midomo kwenye kioo. Haikuwa ya kanisani wala ya dansi. Kila ilipokaribia kuimba wimbo ninaoujua, ilikata kona.

"Nani anapuliza?"

"Mimi."

"Naupiga Jumamosi hii."

"Hapana, Dada. Usiupige." Alishika flashi kama vile ningekimbia nayo. "Nataka twende wote kwenye kamati kwanza."

Akanieleza. Mwenye studio moja ya Songea alisikia wimbo ule kwa Asheri, akampa Fidelis nafasi ya kurekodi albamu nzima baada ya mavuno ya kahawa. Kuna sharti moja, aje na chombo chake. Na Fidelis hakuwa na chombo. Tarumbeta aliyoipiga tangu utotoni ilikuwa ya parokia, imeachwa na mapadri wa zamani, na kwa sheria ya kamati ni ya ibada na mazishi tu. Mwenzake mmoja aliwahi kuipeleka kwenye ngoma ya harusi. Walimwondoa kwenye bendi.

"Mpaka leo anapiga mluzi," Fidelis alisema. "Anapiga vizuri, lakini ni mluzi."

"Kwa nini usiichukue wiki moja tu, ukairudisha?"

Alinitazama kwa huruma. "Dada, wewe huna bendi. Mimi wakinitoa pale, kutoka hapa mpaka ziwani hakuna tarumbeta nyingine nitakayoshika."

Nilimwendea Mama Kinunda. Alisikiliza wimbo akiwa amesimama, halafu akakaa, akausikiliza tena. "Nitakwenda nanyi," alisema. "Ukienda wewe tu utawauliza maswali."

Kamati ilikutana Jumapili baada ya misa ya pili, sakristia, katikati ya harufu ya ubani na kanzu zilizotundikwa. Mwenyekiti alikuwa Mzee Eustaki, mkavu, mrefu, na kifuani alivaa funguo ya kabati la vyombo kwenye kamba, pale ambapo wengine huvaa msalaba. Nilimwamkia, nikamsifia kabati. Alifurahi.

"Kwetu vyombo havichezewi, mwanangu. Kwaresima hii, kama zote, kabati nimelifunga Jumatano ya Majivu na kulifungua Pasaka. Funguo haijatoka shingoni. Hata kulala nalala nayo. Mke wangu anasema inamgonga usoni."

"Ahamie upande mwingine," mjumbe mmoja alisema.

"Upande mwingine kuna ukuta."

Fidelis alisimama, mikono nyuma. Aliongea kidogo, na nakumbuka alivyoongea, kwa sababu baadaye nimeyarudia maneno yake kichwani mara nyingi. "Wazee wangu, shikamooni. Naomba ruhusa ya kupiga tarumbeta ya parokia kwenye muziki wa namna hii, nikaurekodi Songea. Dada Eda wa redio ana mfano, ili msikie kabla hamjakataa."

Nikaweka spika yangu ndogo juu ya meza. "Wazee," nikasema, nikijiona wakili, "sikilizeni tarumbeta inavyoimba."

Wakasikiliza. Mzee Fulgens, aliyeipiga tarumbeta ile kabla ya Fidelis, alifumba macho na kuanza kutikisa kichwa.

"Ni yenyewe," alisema. "Kitufe cha katikati kinakwama. Nakisikia kinakohoa. Nimeishi nacho miaka. Bila shaka alijirekodi akiwa mazoezini."

"Lakini mdomo wa tarumbeta ameuziba," mwingine akasema.

"Kwa kofia."

"Kofia gani! Ni kopo. Nasikia bati kabisa."

"Hujawahi kupuliza chochote, Nikodemo, utasikiaje bati?"

"Nimeoa fundi bati!"

Wakacheka, wimbo ukarudiwa, safari hii kimya. Ulipokwisha Mzee Eustaki aliuliza swali lake polepole. "Sasa huu ni wa kilio au wa furaha?"

Mimi nikajibu. Niliuliza kwa nini chombo kinachoruhusiwa kulia makaburini kisiruhusiwe kucheka; nikauliza mapadri walioleta tarumbeta kwao waliipiga wapi; nikauliza kama sheria ile imeandikwa mahali au imezoeleka tu. Nilikuwa nimefika swali la nne.

"Mwanangu," Mzee Eustaki alisema, "umekuja kuomba au umekuja kufundisha?"

Fidelis aliinamisha kichwa. Nilimwona mkono wake mmoja umeukamata mwingine kwa nguvu, vidole vitatu vya kulia vikigonga mgongo wa mkono wa kushoto, vinashuka na kupanda, kama vile vitufe viko pale. Hapo nikaelewa kwamba mdahalo huu mimi nikishindwa nitarudi studio, na yeye akishindwa ataishia kupiga mluzi.

Mama Kinunda alikohoa.

"Mzee Eustaki, ile siku redio yetu ilipolia tarumbeta, hapa si mligonga kengele?"

"Tuligonga. Mlitutisha sana."

"Mkafanya nini?"

"Tukasali. Rozari nzima."

"Kwa ajili ya nani?"

"Kwa marehemu. Tulipoambiwa hakuna marehemu... Sala haiwezi kurudishwa. Tukaitoa kwa wagonjwa."

"Kwa hiyo," Mama Kinunda alisema, akijipangusa vumbi lisilokuwepo kwenye sketi, "tarumbeta ya kidunia, ya kijana wa Johannesburg asiyejua hata mlipo, iliwapigisha magoti rozari nzima na kuwaombea wagonjwa wa kijiji. Hii ya kijana wenu mwenyewe itawafanya nini?"

Mzee Fulgens ndiye aliyecheka wa kwanza. Mwenyekiti hakucheka. Alituomba tutoke nje.

Tulikaa kwenye ngazi. Mama Kinunda alitoa karanga kwenye mkoba akatugawia. Fidelis alishika zake bila kula, akabandua matope ya buti kwa kijiti, la kulia, la kushoto, kisha la kulia tena ingawa lilikuwa safi. Ndani sauti zilipanda na kushuka. Tulisikia neno "baa", tukasikia neno "Songea", tukamsikia Nikodemo akisema tena kuhusu bati.

Walipotuita, Mzee Eustaki alikuwa amesimama. "Tarumbeta baa isiingie. Kwaresima isitoke. Na siku redio itakapopiga, huyu binti aseme kwanza hakuna msiba, maana mimi magoti yangu hayawezi rozari ya pili ya bure." Kisha akainama kidogo, akaivua ile kamba kichwani, na Fidelis akapokea funguo kwa mikono miwili.

Tulirudi na Fidelis kwenye gari moja. Tulipofika panapogawanyika kwenda kwao alishuka, akanishika mkono, akasema, "Dada Eda, Mungu akuzidishie masikio." Nilidhani ni shukrani ya kawaida.

Jumamosi iliyofuata niliupiga wimbo ule katikati ya kipindi, baada ya kusema hakuna msiba kwa mara ya kwanza bila kinyongo. Simu zilijaa. Kutoka Matiri, kutoka Lituhi, kutoka kwa watu waliokuwa kwenye mitumbwi karibu na ufukwe wakiwa na redio mfukoni. Mmoja aliniuliza, "Huo wa katikati ni wa nchi gani? Ni kama naujua, ila sijawahi kuusikia." Nimetafuta maelezo ya wimbo mpya katika vitabu vya watu waliosoma kuliko mimi, sijapata yanayolizidi hilo.

Albamu ilirekodiwa Songea baada ya mavuno. Ilitoka Ijumaa, kama za wengine wote duniani. Niliipakua nyuma ya tangi la maji ingawa Fidelis angeweza kuniletea kwa miguu, kwa sababu nilitaka ifike kama zinavyofika nyingine. Nikaiweka kati ya mwimbaji wa soul wa London na kundi la watu wanne la Cape Town, bila upendeleo na bila utangulizi mrefu. Ilisimama nao bega kwa bega. Mzee Eustaki alisikiliza na wajumbe wote sakristia, na alinipigia simu kusema kwamba sauti ya tarumbeta ilikuwa safi kuliko kwenye ule wimbo wa kwanza. "Kwani siku hiyo alitoa kopo?" aliuliza. Nikamwambia ni vifaa vya Songea. Nilimweleza kwa kirefu juu ya vifaa vya Songea.

Fidelis bado yumo kwenye bendi ya parokia. Anapiga mazishi na sikukuu, na mara mbili tatu kwa mwaka anapiga kwenye matamasha, funguo ikiwa kwenye kamba shingoni mwake. Kwaresima anairudisha. Mkewe naye ameanza kulalamika.

Katika kazi hii nimepewa zaidi ya nilivyotoa. Mama Kinunda, aliyestaafu kweli, kwa umri, amenifundisha kwamba swali linaweza kuulizwa kwa kumsaidia mtu na si kwa kumshinda. Benja ameninusuru na chaneli ya tatu kila masika. Wasikilizaji wamenivumilia nikiwahutubia, wakaniomba nyimbo nisizozipenda, nikazipenda. Nilikuja hapa nikiamini kwamba nawaletea watu wa Mbinga masikio. Kiti kile kinacholia msikibadilishe.

Nanyi nyote, wageni na wenyeji wa studio, mmepita kwenye darasa langu la kusikiliza. Kila aliyeanza kazi nilimkalisha, nikampigia ule wimbo wa kwanza wa Fidelis, nikamwambia afumbe macho. Nilikuwa nawaonyesha tarumbeta inavyopumua, midomo inavyobana, kitufe cha katikati kinavyokwama kidogo. Mliandika. Baadhi yenu mmeyarudia maneno yangu hewani, neno kwa neno, nami nilijivunia.

Wiki iliyopita, keki ikiwa imeshaisha, niliteremka Mbamba Bay kumuaga Asheri. Nilimkuta uani anatengeneza lipenga, kile kibuyu ambacho wanaume wa ziwani huvumia kwa mdomo kwenye mganda. Alikuwa anabandika utando wa buibui kwenye tundu la ubavuni, kwa uangalifu wa mtu anayefunga kidonda cha mtoto. Alipomaliza akakijaribu. Alivumia mstari mmoja tu, polepole, na mimi nikasimama katikati ya ua nikiwa na chai mkononi. Ile sauti nyembamba, iliyobanwa, inayotetemeka pembeni. Kile kikohozi cha kitufe cha katikati.

Nikampigia simu Fidelis pale pale.

"Fidelis, wimbo wa kwanza. Ile tarumbeta."

Alicheka muda mrefu. "Dada Eda, ilikuwa Kwaresima. Tarumbeta ilikuwa kabatini kwa Mzee Eustaki, ningeitoa wapi? Nilivumia kibuyu cha Asheri."

"Na mbele ya kamati mbona hukusema?"

"Ningesema ni kibuyu," alisema Fidelis, "wangenipa ruhusa ya kibuyu."